Dia (programu)

Dia ni programu huria ya kuchorea michoro katika kompyuta ya mezani, iliyoasisiwa mwaka 1998 na Alexander Larsson wa Uswidi kwa kuiga, kwa mbali, Visio, ambayo ni ya kuuzwa na ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2000. Hutolewa bure kwa leseni ya GPL, nayo hutumika katika Linux na Windows.

Sifa yake kuu ni kwamba mshale hushikana na umbo, hivyo almasi ya uamuzi katika chati mtiririko ikisogezwa, mistari iliyofungamana nayo huifuata. Faida yake ni dhahiri kwa mwanafunzi wa mtaa wa Kayole, Nairobi, anayechora chati mtiririko za somo la Kompyuta la sekondari, naye hulipia saiba kwa dakika, maadamu programu ni nyepesi, haihitaji intaneti, na kompyuta kuukuu huimudu. Kasoro yake ni ukongwe: tangu toleo 0.97 la mwaka 2009 marekebisho yamekuwa haba, na faili za Visio za aina ya VSDX haizifungui. Hizo, programu nyingine ya kuchorea, draw.io ya mezani, nayo ya bure, huzifungua, ingawa yataka kumbukumbu kubwa zaidi ya kompyuta.