Ekari: Neno la wakulima wa kale linalogombanisha ndugu kwa ploti

MWEZI jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu, alinipigia simu usiku nikiwa ndio naketi kula. Baada ya shikamoo hakuzunguka. “Prof,” akasema, “neno ekari maana yake hasa ni nini? Naomba unijibu leo leo, kwa sababu hapa nyumbani tunakaribia kushikana mashati.”

Kisa chenyewe ni hiki. Marehemu baba yao aliacha nusu ekari huko upande wa Uthiru, magharibi mwa Nairobi, ukishapita Kangemi. Aliacha pia watoto wanne, na kabla ya kufariki aliwaambia kwamba kila mmoja angepata ‘eighth’, yaani sehemu moja ya nane ya ekari. Hesabu hiyo haina matata: nusu ukiigawa mara nne, kila fungu ni moja ya nane. Saveya akaja, akapiga vigingi, na kila mtoto akaonyeshwa ploti ya futi 50 kwa 100. Hakuna aliyeshangaa, kwani Nairobi nzima inajua kwamba 50 kwa 100 ndiyo ‘eighth’. Matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima yanasema hivyo, na madalali wa katikati ya jiji wanasema hivyo.

Kitinda mimba peke yake ndiye aliyetoa simu akapiga hesabu. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ukizigawa kwa nane unapata 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000 tu. “Futi zangu 445 ziko wapi?” akauliza, huku akimtazama kaka yao mkubwa, ambaye ndiye aliyeshinda na saveya kutwa nzima.

Msomaji asidhani hilo ni jambo dogo. Futi mraba 445 ni vyumba vinne vya kupangisha vya futi kumi kwa kumi, vile vya Kawangware, na bado inabaki nafasi ya choo. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba mimi ni mtu wa lugha, si mpimaji ardhi. Lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba ugomvi wenyewe umeanzia kwenye neno.

Neno la Kiingereza ‘acre’ halikuanza kama kipimo. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa ‘æcer’, na maana yake ilikuwa shamba tu, liwe kubwa au dogo. Ndugu zake tunawaona katika lugha nyingine za ukoo huo: ‘Acker’ ya Kijerumani, ‘ager’ ya Kilatini na ‘agros’ ya Kigiriki, zote zikiwa na maana ya shamba. Wanaisimu wengi huhusisha mzizi wake na kitenzi cha kuswaga mifugo. Kama ndivyo, basi kabla halijawa shamba huenda lilikuwa malisho.

Baadaye watu walianza kulitumia neno hilo kwa kiasi cha ardhi ambacho jozi ya fahali waliofungwa nira wangeweza kulima kwa siku moja. Kipimo cha namna hiyo hufuata kazi. Penye udongo mzito ekari ilikuwa ndogo, na penye udongo mwepesi ilikuwa kubwa, wala hakuna aliyeona ajabu. Na si Waingereza peke yao. Wajerumani walikuwa na kipimo cha ‘Morgen’, neno lenye maana ya asubuhi, yaani ardhi inayolimika kwa asubuhi moja. Warumi walikuwa na ‘iugerum’, kutokana na neno lao la nira. Waarabu wana ‘faddan’, ambalo asili yake ni jozi ya ng’ombe wa kulima, na hadi leo ndicho kipimo cha mashamba Misri na Sudan.

Lakini mtoza ushuru na hakimu hawawezi kusubiri ng’ombe achoke. Katika Enzi za Kati sheria za Uingereza ziliifunga ekari kwa namba: fimbo 40 kwa urefu na fimbo 4 kwa upana, kila fimbo ikiwa futi 16 na nusu. Hiyo ni futi 660 kwa 66, kipande kirefu chembamba. Ni kirefu kwa sababu kugeuza ng’ombe na plau ni kazi, na mkulima hupenda kwenda mbali kabla ya kugeuka. Urefu huo Waingereza waliuita ‘furlong’, yaani urefu wa mfuo mmoja wa plau. Mnamo 1620 Edmund Gunter aliwatengenezea wapimaji mnyororo wa futi 66, na ekari ikawa sawasawa na minyororo 10 ya mraba. Hata hivyo neno moja liliendelea kubeba vipimo viwili: ekari ya Uingereza ilikuwa yadi mraba 4,840, nayo ya Ireland 7,840.

Neno hilo lilipotufikia sisi, halikuja na ng’ombe. Lilikuja na ramani na hati. Mnamo 1903 Lord Delamere alikodishwa na serikali ya kikoloni ekari 100,000 kule Njoro. Karen Blixen, katika kitabu chake Out of Africa cha 1937, anasema shamba lake chini ya milima ya Ngong lilikuwa la ekari 6,000. Shamba hilo liliuzwa 1931 na kukatwa viwanja, na mtaa wa Karen tunaoujua leo umesimama juu yake.

Majirani wa mashamba hayo, Wakikuyu wa Dagoretti na kwingineko, walikuwa na mashamba yao, lakini hawakuyataja kwa ekari. Mpaka ulikuwa mto, mgongo wa kilima, mti mkubwa, au mstari wa maua ya itoka yaliyopandwa mbele ya mashahidi. Nako Pwani tulikuwa na ‘ngwe’. Neno hilo ni kamba, na pia ni sehemu ya shamba anayopimiwa mtu ailime. Kwa vipimo vya urefu Waswahili walitumia mwili: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Vipimo hivyo vilijibu swali la kazi ya leo au la nani jirani yako. Havikujibu swali la serikali, ambalo lilikuwa moja tu: ekari ngapi?

Swali hilo liligeuka kuwa la lazima. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka 1934, ilisikiliza madai ya watu waliopoteza ardhi, na madai ya mito na migongo yalibidi yageuzwe kuwa ekari na maili za mraba ndipo yahesabike. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya mashamba vikaunganishwa, vikapimwa na kusajiliwa. Tangu hapo ekari imekuwa neno la kila boma.

Hata umbo la neno lina habari zake. Wazee wengi husema ‘eka’, na vitabu huandika ‘ekari’. Kwa maoni yangu ‘eka’ iliingia kwa sikio, kwani Mwingereza akitamka ‘acre’ ile ‘r’ ya mwisho haisikiki. ‘Ekari’ yaelekea iliingia kwa jicho, kutoka kwenye maandishi ambamo ‘r’ ipo.

Sasa turudi Uthiru. Ile 50 kwa 100 si moja ya nane ya ekari na haijawahi kuwa. Ni namba zilizo rahisi kupimwa na kukumbukwa, na zinakaribia. Mwenye ekari akikata ploti nane za namna hiyo hutumia futi mraba 40,000, na zile 3,560 zinazobaki ndizo huwa njia ya kuingilia. Jina la ‘eighth’ likabaki kwenye ploti ingawa sehemu ya ile nane imekwenda kwenye barabara.

Kiswahili kimewahi kuona jambo kama hilo. Tuna neno letu la moja ya nane, nalo ni thumuni, kutoka Kiarabu. Katika mirathi ya Kiislamu neno hilo halina mchezo: mume akifa akaacha watoto, mke hupata thumuni kamili. Lakini sokoni lilikwenda njia nyingine. Zamani Pwani ilitumia reale ya fedha, ambayo thamani yake ilikuwa kama rupia mbili na kidogo, hivyo robo rupia ikaitwa thumuni, moja ya nane ya reale. Reale ikatoweka. Rupia nayo ikaondolewa, ikaja florini mwaka wa 1920, na punde si punde shilingi, rupia moja ikihesabiwa shilingi mbili. Robo rupia ikawa senti 50, lakini watu hawakuacha jina. Ndiyo sababu sisi tuliokua na sarafu hiyo mfukoni tuliiita sumuni, na sumuni ni nusu ya shilingi. Moja ya nane iligeuka nusu, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa sarafu ilikuwa mkononi na kila mtu aliiona.

Tofauti na sarafu, ardhi huuzwa kwa maneno kabla ya kuonekana. Tena hati miliki zetu haziandiki ekari. Zinaandika hekta, kipimo cha Wafaransa wa enzi za mapinduzi yao, na mbele ya namba zinatanguliza neno ‘takriban’. Moja ya nane kamili ya ekari ni kama hekta 0.0506, na ploti ya 50 kwa 100 ni kama hekta 0.0465. Ukiona 0.04 kwenye hati, hizo ni futi mraba 4,300 na kidogo, hata kama dalali anaapa kwamba ni ‘eighth’. Waingereza wenyewe waliiondoa ekari katika usajili wa ardhi tangu 2010, ila vinywani mwao ingali hai, kama ilivyo vinywani mwetu.

Nilimshauri mwanafunzi wangu asiulize tena nani kala. Aulize nusu ekari ilikatwaje. Nusu ekari ni futi mraba 21,780. Ploti nne ni 20,000. Zinabaki 1,780, ambazo ndizo zile 445 mara nne. Akaenda na futikamba asubuhi iliyofuata, pamoja na kitinda mimba. Walizikuta mbele ya ploti zote nne: njia ya urefu wa futi 200 na upana wa karibu futi tisa, mali yao wote wanne, ambayo bila hiyo wale wa ndani wasingefika kwao.

Kaka mkubwa hakuwa mwizi. Lakini aliniambia mwenyewe kwa simu kwamba wiki mbili za kutazamwa kama mwizi na mdogo wake hazitoki moyoni upesi. “Mzee angesema futi, Prof,” akasema, “haya yote yasingekuwapo.”

Basi nawe msomaji, ukigawa, ukinunua au ukirithi, acha ‘ekari’ na ‘eighth’ zibaki za mazungumzo. Katika karatasi andika urefu, andika upana, na uandike njia inapita wapi.