Zamani Kiongozi Hakuruhusiwa Kuanguka

Katika jumba la makumbusho la Zermatt, Uswisi, kimehifadhiwa kipande cha kamba kilichokatika Julai 14, 1865. Siku hiyo Edward Whymper na wenzake sita walikuwa watu wa kwanza kukanyaga kilele cha Matterhorn. Wakishuka, mmoja aliteleza, akawazoa wenzake, na kamba ikakatika kati ya Peter Taugwalder na Lord Francis Douglas. Wanne waliangamia. Kamba hukatikia pembamba, na hiyo ilikuwa dhaifu kuliko nyingine zote walizobeba.

Kwa miongo mingi baada ya hapo, wapanda miamba waliishi kwa amri moja: kiongozi haanguki. Kiongozi ndiye anayetangulia, kamba ikiwa imefungwa kiunoni, huku mwenzake aliye chini akimwachia kidogo kidogo. Akiwa mita 3 juu ya mahali alipoipachika kamba kwenye mwamba mara ya mwisho, ataporomoka mita 6 kabla haijakaza. Kamba za katani na manila hazikuvutika vya kutosha kuupunguza mshtuko huo. Zingeweza kukatika, au kumvunja mbavu aliyefungwa. Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipopanda Nelion na Batian, Mlima Kenya, mwaka 1929, kamba zilikuwa bado za nyuzi za mimea. Kinga yao kubwa ilikuwa kutoteleza.

Mabadiliko yalianzia kwenye miamba midogo ya mjini Berkeley, California. Mwaka 1932 Richard Leonard na marafiki zake waliunda klabu ndogo ya wapandaji, wakaanza kufanya mazoezi ambayo wengi wangeyaona ni wazimu: mmoja alijirusha makusudi kutoka juu ya mwamba, mwingine akamdaka kwa kamba aliyoizungusha kiunoni mwake. Waligundua kwamba mshika kamba asipoikaza papo hapo, bali akaiacha iteleze kidogo huku akiibana taratibu, aliyeanguka husimama bila kuumia. Mwaka 1946 Leonard na mwanasayansi Arnold Wexler walichapisha uchambuzi wao katika jarida la Sierra Club. Sasa kuanguka kulipigiwa hesabu, kukaacha kuwa suala la ujasiri na bahati tu.

Vita Kuu ya Pili ilileta msukumo mwingine. Ufilipino, chimbuko la manila, ilitekwa na Japani mwaka 1942, na jeshi la Marekani likageukia nailoni kwa ajili ya askari wake wa milimani. Nailoni huvutika chini ya mzigo, kwa hiyo kazi ya kupunguza mshtuko ikahamia kwenye kamba yenyewe. Mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ikatoa kamba yenye nyuzi za ndani zinazobeba uzito na ala iliyosukwa kuzikinga. Leo, kwa kipimo cha shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, kamba moja hudondoshewa uzito wa kilo 80 tena na tena. Ni lazima ihimili angalau maanguko 5, na nguvu ya anguko la kwanza isizidi kilonyutoni 12.

Hesabu ya maanguko inazaa jambo ambalo wengi hawalitegemei. Anguko la mita 6 kamba ikiwa imeachiwa mita 30 ni jepesi kuliko anguko hilo hilo kamba ikiwa mita 3 tu, kwa sababu kamba ndefu ina nyuzi nyingi zaidi za kuvutika. Hivyo hatari kubwa iko mwanzoni mwa njia.

Lakini kamba nzuri haifai kitu kama mahali ilipopachikwa pataachia. Kwa muda mrefu wapandaji walipigilia misumari ya chuma kwenye nyufa, na kila ilipong'olewa mwamba ulibaki na jeraha. Dawa ilitoka Wales. Katika miaka ya 1950, wapandaji waliokuwa wakielekea kwenye mwamba wa Clogwyn Du'r Arddu waliokota nati kando ya reli ya Snowdon, wakazipitishia kamba na kuzitega katika nyufa. Mwaka 1961 mfua chuma John Brailsford akatengeneza nati ya kwanza iliyobuniwa kwa kazi hiyo, akaiita Acorn. Mmarekani Royal Robbins alizikuta Uingereza mwaka 1966, na mwaka uliofuata yeye na mkewe Liz wakafungua njia ya Nutcracker huko Yosemite bila kupigilia msumari hata mmoja. Katika katalogi yake ya 1972, Yvon Chouinard, ambaye biashara yake ilitegemea sana misumari, aliwahimiza wateja wake waiache. Uamuzi huo unastahili heshima hadi leo.

Kutega nati kunahitaji jicho. Unatafuta mahali ufa unapojibana kuelekea chini, unaiteremsha hadi ikae, unaivuta kwa nguvu kuijaribu, kisha unaiunganisha na kitanzi kirefu ili kamba isiitikise ikatoka. Kiongozi akianguka, kifaa cha juu kabisa hubeba mzigo wa pande mbili: wa anayeanguka na wa anayemdaka. Kikichomoka, vya chini yake vinaweza kufuata kimoja baada ya kingine, kama zipu.

Nyufa zisizojibana zilisubiri mhandisi Ray Jardine. Kifaa chake cha springi, Friend, kilichoanza kuuzwa mwaka 1978, hutanuka na kusukuma kuta za ufa kwa nguvu zaidi kadiri kinavyovutwa.

Nyufa za Hell's Gate, Naivasha, na njia za kwenda Batian hupandwa kwa vifaa vya jamii hii. Basi anayewafundisha vijana wetu asiwaambie tu wasiogope. Awape kwanza gunia la mchanga walidake, awakagulie kila nati waliyoitega wakiwa bado chini, na asimruhusu yeyote kutangulia kabla hajajua kumdaka mwenzake.