Mbiru: siku Wapare walipoukataa mfumo mpya

Ndugu zangu, kuna utani wa siku nyingi kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi ni Mpare wa Same, utani huo nimeusikia tangu shule ya msingi na watani zangu hawajachoka nao. Leo nataka kuwasimulia kesi moja ya Wapare ambayo haikuwa ya kuku. Lakini kwanza niseme kilichonikumbusha.

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi tuliletewa mfumo mpya wa kompyuta wa kupokea habari kutoka mikoani. Kila mwandishi akituma habari, sharti achague wilaya kwenye orodha. Moshi imo, Hai imo, Rombo imo, Mwanga imo. Same haimo! Habari ya Hedaru au Gonja ikija, inabidi uiandike kuwa imetoka Moshi, la sivyo mfumo unaikataa.

Nikaenda kitengo cha kompyuta nikidhani ni kazi ya dakika mbili. Kijana wa pale, mstaarabu kabisa, akaniambia: "Kaka, kuongeza neno moja naweza hata sasa hivi, ila siruhusiwi." Akanipa fomu ya maombi ya mabadiliko, kurasa nne, sahihi za watu watano. Kamati ya mabadiliko hukaa mara moja kwa mwezi. Mwezi wa kwanza akidi haikutimia. Mwezi wa pili fomu ikarudishwa kwa sababu nilikuwa sijajaza kipengele cha "mpango wa kurudi nyuma endapo mabadiliko yatashindikana". Jamani! Ukiongeza Same kwenye orodha ikashindikana, unarudi nyuma wapi? Same ipo palepale, chini ya milima, jua linawaka.

Nilikasirika sana. Ila kile kipengele hakikunitoka kichwani, kwa sababu mji huohuo wa Same uliwahi kuona kinachotokea watu wakubwa wanapobadili mfumo bila kukijaza.

Turudi miaka ya 1940. Wakati huo Same na Mwanga zilikuwa bado wilaya moja, Wilaya ya Pare, na makao makuu yalikuwa Same. Mwingereza alitawala kwa kupitia machifu, utaratibu ulioletwa Tanganyika na Gavana Donald Cameron katikati ya miaka ya 1920. Watu walikuwa wanalipa kodi ya kichwa, na kiwango kilikuwa kimoja. Mwenye ng'ombe arobaini na asiye na hata mbuzi walitoa sawasawa.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1940, maofisa na baraza la machifu wakaja na jambo jipya. Pamoja na kodi ya kichwa, kila mtu akadiriwe mali yake, kisha alipe nyongeza kulingana na uwezo wake, fedha iende kwenye hazina ya utawala wa wenyeji. Wakaipa jina la mbiru, ambalo lilikuwa jina la ushuru wa zamani waliopewa watawala wa Kipare. Bila shaka walidhani kwamba jina likiwa la kale, na jambo lenyewe litaonekana la kale.

Hapa inabidi tuwe wakweli. Kwenye karatasi wazo hilo halikuwa baya. Tajiri alipe zaidi, maskini alipe kidogo. Hata leo kodi ya mshahara inakatwa hivyo. Ukinisomea sentensi hiyo mezani, nitatia sahihi. Basi kwa nini watu wazima waliacha mashamba yao na kushuka mlimani kwa maelfu?

Kwa sababu karatasi haikueleza nani atakuja kukuhesabia. Anayekadiria ni chifu na watu wake. Je, shemeji yake chifu atahesabiwa ng'ombe wote? Na yule aliyegombana naye mpaka wa shamba mwaka jana? Ng'ombe niliyekabidhiwa na ndugu yangu nimtunzie, ni mali yangu au yake? Kodi ya kiwango kimoja ina ubaya wake, lakini kila mtu anaijua na hakuna anayeweza kukuonea nayo. Hii mpya ilitegemea jicho la mtu. Zaidi ya hapo, hakuna mlipaji aliyeulizwa. Kwa hesabu za serikali, machifu wakishakubali, Wapare wamekubali.

Mwaka 1944 upinzani ukashika kasi, Usangi ikiwa mbele. Januari 1945 maelfu ya wanaume kutoka sehemu mbalimbali za Upare wakateremka hadi Same, makao ya mkuu wa wilaya, wakapiga kambi na kusema hawaondoki mpaka mbiru ifutwe. Anayeijua Same ya mwezi wa kwanza anajua maana ya kutoka kwenye ubaridi wa milimani ukakae kwenye lile vumbi. Hawakubeba silaha. Na tafadhali mlishike hili, maana ndilo linalosahaulika: hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari hata kuongezewa, ilimradi kiwango kiwe kimoja kwa wote. Walichokataa ni ule mfumo wa kukadiriana.

Sasa angalieni urasimu unavyofanya kazi. Suluhisho lilikuwa mezani, tena limeletwa na walalamikaji wenyewe, na serikali isingepoteza fedha. Lakini kulipokea maana yake ni kukiri kwamba machifu hawakuwasemea watu wao, na hilo likikubalika Same, wilaya nyingine nazo zitauliza. Kwa hiyo jambo ambalo lingeweza kumalizwa kwa barua moja likapanda ngazi na kushuka, mwaka ukapita.

Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi wakachoka. Ndio waliokuwa wamebaki na mashamba na watoto, na ndio waliopeleka chakula kwa waume zao. Mkuu wa wilaya alipofika Usangi wakamkabili kwa mamia. Kwa kifupi walimwambia hivi: ama amalize shauri hili waume zetu warudi nyumbani, ama awe yeye mume wetu sote, atuzalishe. Nadhani hakukuwa na fomu ya kujibia hoja hiyo.

Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekufa. Badala yake ikaongezwa kodi ya kiwango kimoja, yaani lile lile ambalo watu walikuwa tayari kulipa tangu mwanzo. Hasara ilikuwa kubwa kuliko kodi yenyewe, maana heshima ya machifu wengi haikurudi kama zamani. Mwaka 1946 kilizaliwa chama cha Wapare Union, na watu waliojifunza kukaa pamoja pale Same hawakusahau somo lile TANU ilipokuja mwaka 1954. Anayetaka kisa kamili atafute kitabu cha Profesa Isaria Kimambo, *Mbiru*, kilichotoka mwaka 1971. Kimambo alikuwa mtoto wa Upareni, na wengi wetu tumeijua habari hii kupitia kazi yake.

Serikali yetu wenyewe nayo iliwahi kuangukia upande wa pili. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta, ICT 1500. Kazi ya hesabu ikaenda kombo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Aliyeitaka alipaswa kuomba ruhusa kupitia kamati. Kutoka kubadili bila kuuliza, tukaenda kwenye kuulizana bila kubadili. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baada ya miaka mingi.

Ndiyo maana siwezi kuitukana fomu ile moja kwa moja. Kati ya kurasa zake nne mna maswali mawili ambayo yangeinusuru Same ya 1945: nani ataguswa na mabadiliko haya, na tukikosea tunarudije nyuma? Tatizo ni nani anayejibu. Kwenye fomu yangu, kipengele cha "watumiaji watakaoguswa" kilijazwa na meneja ambaye hajawahi kutuma habari kutoka wilayani. Mwaka 1942 wangemjaza chifu.

Same iliingizwa kwenye orodha mwezi wa nne tangu niombe. Nilimpigia simu mwandishi wetu wa kule kumpa habari njema. Akacheka. "Mimi nimeshazoea kuandika Moshi," akasema.

Nawasilisha.