Kijapani kwa Njia ya Sikio: Kutoka Mangola hadi Barabara ya Ngorongoro

Historia ya mkutano wa Kijapani na Kiswahili katika nyanda za Karatu haianzi na Mtanzania aliyeketi mbele ya redio akirudia maneno ya mgeni, bali inaanzia upande wa pili, kwa Wajapani waliofika Mangola mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kujikuta wakijifunza Kiswahili vibarazani na shambani, kutoka vinywani mwa wenyeji. Mfuatano huo una uzito wake, kwa kuwa somo la sauti, yaani mafunzo ya lugha yanayotolewa kwa kusikiliza na kurudia bila kutegemea maandishi, limezoeleka kuhesabiwa kuwa zao la santuri na kaseti, ilhali katika eneo hili desturi yenyewe iliitangulia mashine kwa vizazi vingi.

Karatu, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, ni miongoni mwa maeneo machache sana barani Afrika ambako lugha za asili nne zisizo na undugu wa karibu husikika katika mnada mmoja. Wairaqw, ambao ndio wakulima wa Kansay na vijiji vingi vya nyanda hizo, wanazungumza lugha ya Kikushi. Wadatoga, wafugaji, lugha yao ni ya Kiniloti. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wana lugha ya vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kubandua ulimi, ambayo wanaisimu hawajaipatia jamaa anayekubalika na wote. Na juu ya zote hizo kimekaa Kiswahili, lugha ya Kibantu iliyopanda pamoja na utawala, biashara na mashamba ya walowezi ya Oldeani. Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo aliipata lugha ya pili malishoni, mnadani au kwenye zamu ya mashine ya kusaga, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo, mara nyingi kwa kuchekwa.

Mangola, iliyo bondeni karibu na Ziwa Eyasi, ilikuwa imevuta watu wa makabila mengi kwa sababu ya chemchemi zake, ambazo hadi leo humwagilia mashamba ya vitunguu vinavyojulikana katika masoko ya mbali. Kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliokuja Tanganyika katika misafara iliyoasisiwa na Imanishi Kinji, mchanganyiko huo ulikuwa hazina, na matokeo yake ni kwamba bonde dogo la kaskazini mwa Tanzania liliingia katika elimu ya Japani kwa undani ambao miji mikubwa ya pwani haikuupata. Tomikawa Morimichi aliwachunguza Wadatoga, Wada Shohei akawashughulikia Wairaqw, Umesao Tadao akaandika juu ya familia na mifugo ya Wadatoga, na Ishige Naomichi akachapisha mwaka 1969 makala kuhusu kile alichokiita kugeuka Mswahili. Katika Mangola ya wakati huo, Mswahili hakuwa lazima mtu wa pwani. Alikuwa mhamiaji aliyeiacha nyuma lugha ya kwao, akaishi kwa Kiswahili na mara nyingi kwa Uislamu pia, hata watoto wake wakakosa lugha nyingine ya kuiita yao.

Ni kwa Waswahili hao ndipo mtafiti mwingine wa Kijapani, Wazaki Yoichi, alipopiga kambi. Kitabu chake kuhusu ulimwengu wao kilitoka mwaka 1977 katika mfululizo wa vitabu vya NHK, shirika la utangazaji la Japani, na mwaka 1980 ikafuata kamusi yake ya Kiswahili kwa Kijapani, kazi nene ambayo wanafunzi wa Kijapani waliitegemea kwa miaka mingi. Si jambo dogo kwamba mwandishi wa kamusi hiyo alikizoea Kiswahili cha bara, cha wakulima na vibarua. Historia ya kamusi za lugha hii, iliyotawaliwa na wamisionari na maofisa wa pwani, ina mifano michache ya namna hiyo.

Masikio ya Kijapani yalikuwa na mitihani yake. Kijapani hakitenganishi l na r, kwa hiyo kwa mgeni wa aina hiyo kula na kura ni neno moja mpaka azoeshwe. Vilevile Kijapani hakiruhusu m isimame mbele ya t kama ilivyo katika mtu, na mzungumzaji wake hupenyeza irabu ili apate njia, akatoka na mutu, matamshi ambayo msikilizaji wa bara angeweza kuyadhania kuwa ya Mkongo.

Wakati huohuo njia ya sikio ilikuwa imekwisha kufanywa bidhaa kwingineko. Marekani, ikihitaji kwa haraka askari wanaozungumza lugha za maadui na washirika, iliwakabidhi wanaisimu kazi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1945 Bernard Bloch na Eleanor Jorden wakatoa kozi ya Kijapani cha mazungumzo ambamo sauti ya mzawa, ama ya mtu aliye hai ama ya santuri, ilitangulia sarufi. Mwaka 1967 Paul Pimsleur, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza ratiba ya kukumbushia: neno jipya lirudiwe baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, kisha 10, kisha saa moja, na kuendelea hivyo hadi miezi na miaka. Kozi za sauti zinazobeba jina lake zimejengwa juu ya ratiba hiyo, zikimwachia msikilizaji kimya kifupi cha kujibu kabla ya jibu sahihi kusikika.

Kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, mlango mkuu ulikuwa redio. NHK ilianza kutangaza kwa nchi za nje tarehe 1 Juni 1935, na Kiswahili kikaongezwa katika miaka ya 1960, muongo uleule ambao watafiti wa Kyoto walikuwa Mangola na ambao vijana wa kujitolea wa Japani, wanaojulikana kwa kifupi cha JOCV, walianza kuletwa Tanzania mwaka 1967. Masomo ya Kijapani yalipewa nafasi katika matangazo hayo, yakifuata sura ya mchezo wa kuigiza. Mfululizo ulioanza mwaka 2015, kwa mfano, una masomo 48 ya takriban dakika 10 kila moja, na mhusika wake mkuu ni Anna, mwanafunzi kutoka Thailand anayeanza maisha Tokyo. Maelezo yake yalitolewa katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Msikilizaji wa mawimbi mafupi, aliyeshika sauti iliyorushwa kupitia mitambo ya Madagaska, alilazimika kuchuja maneno kutoka katika mikwaruzo ya redio. Simu imeondoa mikwaruzo hiyo, na pamoja nayo imeondoa saa maalumu ya kipindi, iliyokuwa ikimlazimisha mtu kusikiliza.

Haja ya kujifunza ilikuja kwa barabara. Njia ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Ngorongoro, iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika, ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa serikali ya Japani, na mji wa Karatu ukashona hoteli na kambi kando yake. Mwongozaji wa watalii anayejua kumsalimu mgeni kwa lugha yake ana cha ziada mkononi siku ya bahashishi, na hapo ndipo kijana wa Kansay anapopata sababu ya kurudia hajimemashite, salamu ya watu wanaokutana kwa mara ya kwanza.

Kwa jumla Kijapani humpokea mzungumzaji wa Kiswahili vizuri: irabu zake ni tano zilezile, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Tatizo limejificha katika urefu. Wajapani huhesabu maneno kwa mapigo, ambayo wanaisimu huyaita mora, na irabu ndefu ina mapigo mawili. Obasan ni shangazi, au mwanamke yeyote wa makamo. Obaasan ni bibi, mzee aliyekula chumvi. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, kwa hiyo mzungumzaji wake anayefunga neno kwa n kama Mjapani huiangukia ba bila kukusudia, na mgeni wa miaka 40 anaitwa ajuza akiwa bado hajashuka garini. Mwiraqw hapa ana nafuu kuliko mtu wa pwani, kwa sababu lugha yake ya kwanza hutofautisha irabu fupi na ndefu, na hata kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hubeba kazi ya kisarufi ndani yake. Jambo hilo humweka tayari kusikia kwamba hashi ni vijiti vya kulia sauti ikianza juu, na ni daraja ikianza chini.

Nafuu hiyo haimfikishi mbali akiwa peke yake na simu. Huko Mangola, aliyekosea neno alichekwa na akina mama wa chemchemi, akalirudia mpaka kicheko kikaisha. Somo la sauti humsubiri mwanafunzi sekunde zake chache, na awe amesema obasan au obaasan, linatoa jibu sahihi na kuingia sentensi inayofuata.