Nanga ya Mafuta: Kutoka Mkojo Mweusi hadi Kichupa cha Maabara

Akiamka asubuhi, mkojo wake mweusi. Jua likipanda, unarudia rangi yake. Fundi huyo wa mikokoteni, mwenye umri wa miaka 29, alitibiwa na daktari Paul Strübing huko Greifswald, Ujerumani. Mwaka 1882 Strübing aliandika kwamba kasoro imo katika chembe nyekundu za damu zenyewe, nazo hupasuka usiku asidi inapozidi katika damu. Wenzake hawakumjali. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo Thomas Ham wa Boston, Marekani, alipozitia chembe za wagonjwa wa namna hiyo katika majimaji ya damu yaliyoongezwa asidi, zikapasuka kweli.

Zinapasuka kwa nini? Sehemu ya jibu ilipitia kwa mbung'o wetu.

Kimelea cha malale, ambacho David Bruce alikifuatilia hadi kwa mbung'o akiwa Entebbe mwaka 1903, hakijifichi. Kinaogelea ndani ya damu kikiwa kimevaa joho la protini ya aina moja, nakala zipatazo milioni 10. Mwili ukishatengeneza kingamwili za kulishambulia joho hilo, vimelea vingine vimeshabadili vazi. Mwaka 1975, George Cross akiwa Cambridge aliipata protini hiyo ikiwa safi. Mwaka huohuo, mji huohuo, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli za wengu wa panya na seli za saratani, wakapata seli zisizochoka zinazotoa kingamwili ya aina moja tu. Sadfa hiyo hunifurahisha kila ninapoikumbuka.

Joho linashikizwa na nini, sasa? Kulikuwa na kingamwili za ajabu zilizotambua protini za majoho tofauti, ila baada ya mafuta ya chini yake kukatwa. Zilikuwa zikishika kisiki. Mwaka 1988 Michael Ferguson na wenzake walichora umbo lote: mnyororo wa sukari uliofungwa kwenye mafuta yaliyozama katika utando wa seli. Ndiyo nanga ya GPI, na binadamu tunayo pia.

Chembe nyekundu hutumia nanga hiyo kushikilia CD55 na CD59, protini zinazozikinga zisishambuliwe na ulinzi wa mwili wenyewe. Mwaka 1993 kundi la Taroh Kinoshita, Osaka, lilitambua jeni ambayo ikiharibika nanga haiundwi. Iliitwa PIG-A, Mwingereza akiisoma haraka anaona nguruwe, kumbe ni ufupisho wa jina refu la kikemia. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, ambayo kila seli huitumia moja tu. Basi hitilafu moja katika seli mama moja ya uboho inatosha kuzaa chembe zisizo na ngao.

Leo mtafiti anayetaka kuiona protini ya PIG-A hununua kichupa kidogo cha kingamwili, mara nyingi iliyotokana na sungura, akakiweka kwenye friza. Protini za seli huchujwa kwa umeme zikapangika kwa ukubwa, zikahamishiwa kwenye karatasi nyeupe, kisha kingamwili ikamwagwa juu yake. Ukitokea mstari mweusi, usishangilie bado: kingamwili hukosea. Mtafiti makini huweka kando yake seli zilizoondolewa jeni hiyo. Mstari ukitokea na huko, kichupa hakifai.

Hospitalini hawaitafuti PIG-A. Wanatumia kingamwili za CD55 na CD59 zilizopakwa rangi ing'aayo, wakahesabu seli zilizobaki tupu. Na dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, eculizumab, ni kingamwili pia: inazuia protini ya C5, mashambulizi yakwame njiani. Nanga hairudi, lakini chembe hazipasuki ovyo tena, na mkojo wa alfajiri unapata rangi yake.