Husuni ya Sultani Mkarimu

Sisi wa Kiranjeranje tukitaka kwenda Kilwa Kisiwani tunapanda basi hadi Nangurukuru, tunashika njia ya Masoko, kisha mashua. Wageni wengi wakishuka huishia kwenye ngome ya Gereza na Msikiti Mkuu. Mimi napenda kuendelea mashariki mpaka Husuni Kubwa, gofu la jumba lililo juu ya genge.

Jumba hilo lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyesifika kwa kutoa hata akaitwa Abu al-Mawahib. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani, alipokuwa sultani akitoka sala ya Ijumaa, nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadili, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa 10. Sultani, kusikia watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo huwa nafunga kitabu cha Ibn Battuta kwa muda. Wale watumwa 20 hawana majina. Ibn Battuta huyo huyo anasema sultani alizoea kwenda kupiga vita na kuteka bara, na bara ya Kilwa ni huku tunakolima ufuta.

Dhahabu ya bandari ya Sofala iliinua vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lakini wachimbuaji wanaona jumba halikumalizika. Sultani alipokufa, nduguye Daud akawa anawaambia waombaji kwamba mtoaji keshakufa na hakuacha kitu. Wamemwita bahili, mimi namwelewa. Jumba kama lile lingemfilisi yeyote.

Likahamwa. Dari zikaanguka, mvua ikaila chokaa, ndege wakaangusha mbegu juu ya kuta. Mzizi huanza mwembamba kama uzi kati ya mawe mawili ya matumbawe, ukinenepa, unayatenganisha. Kisha, ajabu, mzizi uleule ndio unaoyashika yasiporomoke. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilibidi kwanza kufyeka.

UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayatia katika orodha ya hatari mwaka 2004, ikayatoa 2014. Huko chini ufukweni imepandwa mikoko kuvunja nguvu ya mawimbi. Husuni iko juu mno, mikoko haiifai. Kule ni panga kila masika yakiisha, na mwenye panga lazima ajue mzizi upi akate na upi auache.