Sahani Inayopungua

Wa kwanza kuondoka kwenye sahani yangu walikuwa kamba wa baharini. Nilikuwa na miaka 27, niko Mombasa kwa wikendi, nimekula kamba wa nazi kama nilivyowala miaka yote. Nusu saa baadaye midomo ilikuwa imevimba na ngozi imejaa vipele, kama mtu aliyelalia upupu. Miezi sita baadaye zikafuata njugu. Halafu nikapimwa damu, na matokeo yakarudi na alama ya kujumlisha kwenye mistari mingi: mayai, maziwa, ngano, soya. Nikakata vyote. Orodha nikaibandika mlangoni mwa friji. Kufikia Desemba nilikuwa naishi kwa wali, sukuma, viazi na ndizi, na suruali zote zinanipwaya.

Kama umewahi kupata aleji ukubwani, maswali unayajua. "Si ulikuwa unakula tu?" "Hiyo si ni ya wazungu?" Mathee wangu, ambaye hajawahi kuona sahani asiiongeze, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu nimemkosea. Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba swali la "si ulikuwa unakula tu" liliwasumbua wengine zaidi ya miaka 120 iliyopita, na lilianzia kwenye meli.

Mwaka wa 1901, Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco alisafiri katika bahari ya Atlantiki na wanasayansi wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier. Aliwaomba wachunguze sumu ya kiumbe mmoja wa jamii ya konyeza anayewachoma mabaharia. Waliporudi Ufaransa waliendelea na kazi wakitumia sumu ya kiumbe mwingine wa baharini, anayeng'ang'ania miambani. Wakawadunga mbwa dozi ndogo, wakitarajia kile ambacho chanjo ilikuwa imeshawafundisha watu: ukikutana na sumu kidogo, mara ya pili utakuwa imara zaidi.

Mbwa mmoja aliitwa Neptune. Dozi ya kwanza aliivumilia vizuri. Wiki chache baadaye wakamrudishia kiasi kidogo vilevile, na akafa chini ya nusu saa. Mwili wake haukuwa umejifunza kuvumilia. Ulikuwa umejifunza kulipuka. Mwaka wa 1902 Richet na Portier waliiita hali hiyo anafilaksia, yaani kinyume cha kinga. Mwaka wa 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Cha ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1901, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Jokichi Takamine, alitangaza kwamba ameitenga adrenalini ikiwa safi. Hadi leo, mtu akipatwa na anafilaksia, dawa ya kwanza anayodungwa ni hiyo. Tatizo na dawa yake vilipatikana karibu pamoja, na hakuna aliyejua kwamba vinahusiana.

Neno lenyewe "aleji" lilikuja 1906. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto mjini Vienna, alikuwa amewaangalia watoto waliotibiwa kwa seramu iliyotoka kwenye damu ya farasi. Wengine walipodungwa mara ya pili walivimba na kutoka vipele haraka kuliko mara ya kwanza. Akachukua maneno mawili ya Kigiriki, moja la "nyingine" na moja la "kazi", akaunda jina la mwili uliobadilika unavyoitikia kitu. Kwa Kiswahili sanifu tunaita mzio.

Soma tena hapo: mwili uliobadilika. Kwa hivyo "si ulikuwa unakula tu?" si pingamizi. Ni sehemu ya maana ya neno. Lazima mwili uwe umekutana na kitu ndio uanze kukikataa, na hakuna sheria inayosema lazima ukikatae ukiwa mtoto.

Mfano mmoja uliniliwaza sana. Thomas Platts-Mills, profesa wa mzio katika Chuo Kikuu cha Virginia, alikuwa amekula nyama maisha yake yote. Mwaka wa 2007 alitembea porini akaumwa na kupe wengi. Miezi michache baadaye, akiwa London, alikula nyama ya kondoo jioni, akaamka usiku amejaa vipele. Yeye na wenzake ndio walioonyesha kwamba kuumwa na kupe kunaweza kuufundisha mwili kukataa aina moja ya sukari iliyo ndani ya nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Na wale wa "hiyo ni ya wazungu" wajue kwamba watafiti wa Afrika Kusini wameueleza mzio huohuo wa nyama miongoni mwa watu wa vijiji vya Eastern Cape. Kupe haulizi rangi.

Lakini historia hii ina upande wa pili, na huo ndio ulionishika shati.

Mwaka wa 1921, huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, kulikuwa na daktari aliyeitwa Heinz Küstner ambaye samaki aliyepikwa alimdhuru. Mwenzake Carl Prausnitz hakuwa na shida na samaki. Prausnitz akadungwa seramu ya Küstner kwenye ngozi ya tumbo, na kesho yake akadungwa rojo ya samaki mahali palepale. Ngozi ikavimba. Ikajulikana kwamba kitu kinachobeba mzio kiko ndani ya damu. Kukipata kulichukua zaidi ya miaka 40, hadi Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, walipokifikia kwa njia tofauti. Mwaka wa 1968 kikapewa jina rasmi: IgE.

Hicho ndicho kilichopimwa kwenye damu yangu. Na hapo ndipo wengi tunapotea. IgE inaonyesha kwamba mwili unakitambua chakula fulani. Haisemi kwamba lazima utapigana nacho. Tangu miaka ya 1970 madaktari wamekuwa wakiwapa wagonjwa chakula kilichofichwa, mfano ndani ya kapsuli, bila mgonjwa kujua anameza nini, na mara nyingi chakula kilicholaumiwa kimeonekana hakina hatia.

Hata serikali zimewahi kukata chakula kwa hofu. Mwaka wa 1998 Uingereza ilishauri familia zenye historia ya mzio ziwaepushe watoto wadogo na njugu, na mwaka wa 2000 madaktari wa watoto wa Marekani wakatoa ushauri unaofanana. Mzio wa njugu haukupungua. Mwaka wa 2015 yakatoka matokeo ya utafiti wa watoto 640 walio katika hatari, uliofanyika London. Walioepushwa na njugu, asilimia 17.2 walikuwa na mzio huo walipofika miaka 5. Waliolishwa tangu uchanga, asilimia 3.2 tu. Hiyo ni habari ya watoto ambao mzio haujawashika. Mimi na njugu bado hatukutani. Ila ilinifanya niiangalie friji vingine.

Nikaenda kwa daktari wa mzio na orodha yangu. Akaisoma, akaniuliza, "Mara ya mwisho kula yai ilikuwa lini, na ulipatwa na nini?"

"Kabla ya kipimo. Sikupatwa na kitu."

"Na maziwa?"

"Chai, kila asubuhi. Hakuna."

"Basi ni nani aliyekukataza?"

Nilikuwa nimejikataza mwenyewe.

Tulijaribu yai hospitalini, na tafadhali usijaribu hii nyumbani. Nilipewa kipande kidogo kama punje ya mahindi, tukasubiri, nikapewa kikubwa kidogo, tukasubiri tena. Adrenalini ilikuwa kwenye trei karibu na kitanda. Moyo ulinidunda mpaka nikadhani ndio mzio wenyewe. Saa nne baadaye nilikuwa nimemaliza yai zima, na nesi akaniambia nivae viatu niende nyumbani.

Maziwa, ngano na soya vilirudi mmoja mmoja, kwa utaratibu wa daktari. Kamba na njugu havikurudi. Kwa hivyo viwili silegezi hata kidogo: nauliza mafuta yaliyotumika, nauliza kwenye harusi, na nikionekana msumbufu ni sawa.

Jumapili iliyopita nilienda kwa mathee. Alikuwa ameandaa viazi peke yake kwenye bakuli langu, kama kawaida. Nikamwambia naomba chapati na chai ya maziwa. Aliniangalia kidogo. Kisha akaongeza ya pili bila kuuliza.